Miaka Kumi ya Vyeti vya Hisa: Watu na Nyumba za Eldoret, 1969 hadi 1979

Katika kijitabu hiki cha taarifa ya mwaka wanachama wamezoea kusoma hesabu za fedha, majina ya waliofiwa na misaada iliyotolewa. Mwaka huu Kamati imeagiza ziongezwe kurasa chache za historia ya mji wetu, na kazi hiyo nimepewa mimi karani. Wazee walioiona miaka nitakayoitaja wangaliko, na baadhi yao huketi mstari wa mbele mkutanoni. Kwa hiyo naandika kwa adabu ya mtu asimuliaye safari mbele ya wale waliosafiri.

Sababu ya agizo hilo ni hii. Katika mikutano yetu husikika mara kwa mara kwamba mtaa fulani ni wa watu fulani, na wengine wote ni wageni. Tena husikika neno la pili, ya kwamba mitaa kama Langas, Munyaka na Kamukunji ilijiotea tu kama uyoga, pasipo mwenye kuipanda. Maneno haya mawili yana asili moja, nayo ni kusahau yaliyotokea baina ya hesabu ya watu ya mwaka 1969 na ile ya mwaka 1979.

Tuanze na hesabu zenyewe. Mwaka 1948 Eldoret ilikuwa na watu 8,193. Mwaka 1962, uhuru ukikaribia, walikuwa 19,605. Mtu angetazamia kwamba baada ya uhuru mji ungefurika. Lakini hesabu ya mwaka 1969 ilionyesha watu 18,196, yaani pungufu ya 1,409. Kisha mwaka 1979 wakahesabiwa watu 50,503. Mji ulirudi nyuma hatua moja, ndipo ukaruka na kuwa karibu mara tatu ya ulivyokuwa.

Ili tuone ukubwa wa ruko hilo, tulinganishe na kwingine. Katika miaka ile ile kumi watu wa Kenya nzima walitoka milioni 10.9 hadi milioni 15.3, nyongeza ya arobaini kwa mia. Nairobi ilitoka 509,286 hadi 827,775, na Nakuru ikatoka 47,151 hadi 92,851, nusura mara mbili. Thika, uliokuwa mji wa kimo kimoja na wetu mwaka 1969 kwa watu wake 18,387, ilifika 41,324. Kama Eldoret ingekua kwa kiasi cha nchi nzima tu, mwaka 1979 ingekuwa na watu kama 25,500. Basi karibu nusu ya wote waliohesabiwa usiku ule wa Agosti 1979 hawawezi kuelezwa kwa uzazi. Ama walihamia mjini, ama mji ulihamia kwao. Yote mawili yalitukia, kama nitakavyoeleza.

Kwanza lakini ni lazima kujua ulikuwa mji wa namna gani. Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg waliingia uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 na magari yao ya maksai. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64, na hata leo mzee akisema anakwenda "Sisibo" kila mtu anaelewa. Jina la Eldoret lilitangazwa mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924. Husimuliwa pia kwamba sanduku la chuma la benki ya kwanza lilianguka kutoka garini, likashindikana kuinuliwa, ikabidi benki ijengwe palipoangukia. Hadithi hiyo hupendwa sana na wageni wanaotembelea mji wetu. Mimi nikiisikia huwaza habari za wachukuzi: sanduku lilijengewa nyumba siku ile ile, na mchukuzi alingoja miaka mingapi?

Maana mji ule haukukusudiwa kuwa makao ya Mwafrika. Alihesabiwa kuwa mfanyakazi anayelala mjini kwa muda wa kazi yake, na kwao ni kwingine. Wengi hawakukaa mjini kabisa bali mashambani mwa walowezi, wakipewa mahali pa kujenga kibanda na kulima kidogo kwa badala ya kazi. Aliyekaa mjini alilala katika nyumba ya mwajiri wake, iwe landi za reli, iwe chumba cha uani nyuma ya nyumba ya Mzungu au duka la Mhindi. Mishahara yenyewe ilipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, hata Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ikashauri kwamba mfanyakazi alipwe kiasi cha kumwezesha kukaa na jamaa yake. Ushauri ulitangulia nyumba kwa miaka mingi. Mtu akipoteza kazi alipoteza na kitanda siku hiyo hiyo, na akifa mjini hapakuwa na wa kumzika ila watu wa kwao. Vyama vya ustawi kama hiki chetu vilizaliwa katika hali hiyo: vilikuwa jamaa ya mtu aliyekatazwa kuja na jamaa yake.

Uhuru ulipofika, walowezi wengi, na hasa Makaburu, waliuza mashamba na kuondoka. Mwaka 1967 zikapitishwa sheria za leseni za biashara na za uhamiaji, na Wahindi wengi wasiokuwa raia wakafunga maduka. Katika mwaka 1968 walikimbilia Uingereza kwa haraka kabla ya mlango wa huko kufungwa. Kila nyumba ya tajiri iliyofungwa iliondoa mpishi, mtunza bustani, dereva na yaya. Hiyo ni sababu moja kubwa ya mji kupungua kabla ya mwaka 1969. Madirisha ya barabara kuu yalikuwa na nafasi, lakini mifuko ya watu ilikuwa haina kitu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lililoujenga mji, nalo ni hisa. Mashamba ya walowezi yalikuwa makubwa, ya mamia na maelfu ya ekari, na hakuna mtumishi aliyeweza kununua peke yake. Watu walijiunga katika vyama vya ushirika na makampuni ya kununua mashamba. Aliyefanya kazi shambani, karani, mwalimu, mama wa sokoni, dereva, kila mmoja alitoa alichonacho, akapewa risiti na baadaye cheti cha hisa. Fedha zilipotosha malipo ya kwanza, mara nyingi pamoja na mkopo, shamba lilinunuliwa kwa jina la kampuni. Kisha kamati ilimleta mpima, wakati mwingine mwenye leseni na wakati mwingine fundi wa kamba na vigingi tu, na wenye hisa wakapiga kura kujua nani atapata kipande gani. Barabara ziliachwa kwa macho. Shule na soko vilipata nafasi pale ambapo kamati ilikuwa na watu wenye kuona mbali, pengine havikupata.

Mwenye hisa kubwa alipata ekari kadhaa, na huyo alikuwa mkulima. Lakini shamba lililo karibu na mji halikai shamba muda mrefu. Ada za shule zilipomfika shingoni, au mgonjwa alipolazwa, mkulima alikata robo ekari akaiuza. Mnunuzi naye akaigawa mara mbili, na ndivyo kilivyopatikana kile kipimo tunachokijua sote, hamsini kwa mia, yaani futi hamsini upande mmoja na mia upande wa pili. Patano liliandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi, wazee wakaweka saini au kidole gumba. Langas, upande wa kusini, ndiyo mfano mkubwa kupita yote. Munyaka na Kamukunji nayo ilipita njia hiyo hiyo, kila mtaa kwa wakati wake. Basi mitaa hii haikujiotea. Ilinunuliwa, tena ilinunuliwa kwa fedha za watu wenye mishahara midogo, kipande kwa kipande. Na kila kipande kina muuzaji wake na mashahidi wake, ambao mara nyingi hawakuwa wa kabila la mnunuzi.

Kwenye hamsini kwa mia mtu alijenga nini? Alijenga safu ya vyumba, kila kimoja futi kumi kwa kumi au zaidi kidogo, mlango mmoja na dirisha moja, vikielekeana na safu nyingine ng'ambo ya ua. Kuta zilikuwa za fito na udongo wa kukandikwa, au za mabanzi yaliyopatikana kwa bei nafuu, maana nchi yetu ni nchi ya mbao, juu mabati. Choo cha shimo pembeni, na kisima mahali penye nafasi. Mwenyewe alikaa katika vyumba viwili vya mbele na kupangisha vilivyobaki. Kodi ya wapangaji ililipa deni la mabati, kisha ikalipa ada ya mtoto, kisha ikajenga safu ya pili. Hapakuwa na benki iliyokopesha kwa cheti cha hisa. Benki ya maskini ilikuwa mpangaji.

Nataka tulitazame vizuri jambo hili, kwa kuwa hutajwa kwa dharau. Ndani ya mpaka wa manispaa, sheria za ujenzi zilidai matofali au mawe, ramani iliyokubaliwa, maji ya bomba na choo cha maji. Nje ya mpaka, kwenye shamba la kampuni, hapakuwa na mkaguzi. Aliyejenga kwa udongo hakufanya hivyo kwa kupenda uchafu. Alijenga mahali ambapo sheria ilimruhusu kujenga kwa kiasi cha mfuko wake. Manispaa, kwa mikopo ya Shirika la Nyumba la Taifa, ilijenga mitaa ya kupangisha, nayo ilikuwa mizuri. Lakini nyumba hizo zilikuwa chache, na aliyepata ni mwenye mshahara wa kila mwezi na pengine mtu wa kumsemea. Kibarua wa siku hakuijua ofisi ile. Hesabu ni rahisi: watu zaidi ya elfu thelathini waliongezeka kwa miaka kumi, na wengi wao hawakulala katika nyumba za manispaa.

Kazi nayo ilikuja. Mpango wa maendeleo wa serikali wa miaka 1970 hadi 1974 ulitaka viwanda visirundikane Nairobi na Mombasa, na Eldoret ikawa mmoja wa miji iliyochaguliwa kukuzwa. Katikati ya miaka ya 1970 kikafunguliwa kiwanda cha nguo cha Rivatex. Ken-Knit kilifuma sufu, na kampuni ya EATEC iliendelea kukamua dawa ya ngozi kutoka magome ya miti ya miwati iliyofunika kusini mwa mji. Kengele ya zamu ilibadili hata saa za kupika. Msichana aliyekuja mjini kama yaya sasa aliweza kusimama kiwandani kwa mshahara wake mwenyewe na kupanga chumba chake mwenyewe. Wanaume walioishi kama wajane hali wana wake walianza kuwaleta wake zao, na wake walipokuja watoto walizaliwa hapa. Serikali ilipofuta ada za darasa la kwanza hadi la nne mwaka 1974, madarasa ya mji yalijaa mara moja. Watoto wale hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, wakacheza kwa Kiswahili. Hao ndio Waeldoret wa kwanza wasiokuwa na "kwao" pengine ila kwa masimulizi ya baba.

Majina ya mitaa yanashuhudia. Ndani ya Langas mna Kisumu Ndogo. Walikuja Waluhya na Waluo kutoka magharibi, Wakisii, Wakikuyu waliokuwa vibarua wa mashamba tangu zamani na wengine waliokuja kununua hisa, Wanandi na Wakeiyo waliokuwa nyumbani kabla ya Mzungu kupima shamba la kwanza. Katika ua mmoja wenye vyumba kumi mtu angeweza kukuta lugha tano na kamba moja ya kuanikia nguo. Sisemi kwamba walipendana kila siku. Ugomvi wa choo na ugomvi wa kisima ulikuwepo, na wazee watatabasamu wakikumbuka. Nasema tu kwamba hapakuwa na safu iliyojengwa kwa ajili ya kabila moja, kwa sababu mwenye nyumba alimtaka mwenye kodi.

Nimesema mji nao ulihamia kwa watu. Katika miaka ile ya 1970 mpaka wa manispaa ulisogezwa nje, ukameza sehemu ya mashamba yaliyouzunguka. Kwa hiyo tusiitazame tarakimu ya 50,503 kana kwamba wote walishuka garini na masanduku. Wako waliolala mashambani mwaka 1969, wakaamka mjini kabla ya mwaka 1979, na hawakuhama hata hatua moja. Mwaka 1988 mpaka ulisogezwa tena, manispaa ikawa na kilometa za mraba 147 hivi, na hesabu ya mwaka 1989 ikakuta watu 111,882.

Kusogea kwa mpaka kulileta tatizo ambalo limebaki mikononi mwetu hadi leo, na hapa naomba wazee wanisikilize kwa makini. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 ilisema kwamba shamba la kilimo haliwezi kuuzwa wala kugawanywa pasipo idhini ya Bodi ya Ardhi, na kwamba idhini hiyo iombwe ndani ya miezi sita tangu patano kufanywa. Ikikosekana, patano ni bure machoni pa sheria, hata kama fedha zimelipwa zote na mashahidi ni kumi. Sasa fikirini mtu aliyenunua hamsini kwa mia mwaka 1972. Shamba lilikuwa la kilimo, na bodi isingekubali kipande kidogo hivyo, kwa hiyo hakwenda kuomba. Baada ya mpaka kupita juu ya kipande chake akaambiwa yuko mjini: sasa alete ramani iliyokubaliwa na manispaa, aache nafasi ya barabara, alipe ada. Ramani haipo, kwa kuwa jirani amejenga palipotakiwa barabara. Akarudi nyumbani akaweka cheti chake sandukuni, chini ya nguo za Jumapili. Wakati huo hati ya shamba zima ilikuwa bado katika jina la kampuni, na wajumbe wa kampuni walianza kufa mmoja mmoja. Katika miaka ya 1980 serikali iliamuru makampuni haya yavunjwe na wenye hisa wapewe hati zao. Wako waliopata. Wako ambao watoto wao wangali wakishika patano la karatasi iliyokunjwa mara nne.

Mimi, kwa kazi ya kuandika faili za mazishi ya chama, huona mwisho wa habari hii. Mzee akifa, jamaa huleta karatasi zake ili karani azisome. Mara nyingi cheti cha hisa kiko, risiti mbili ziko, hati hakuna. Na shemeji waliokuja matangani tayari wanamwuliza mjane atahama lini. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, humpa mjane na watoto wote, wa kiume na wa kike, haki yao. Lakini mahakama hugawa mali iliyothibitishwa kuwa ya marehemu, na kilichoandikwa kwa jina la kampuni iliyokufa ni kazi ngumu kuthibitisha.

Visima navyo ni urithi wa miaka ile. Ua wa futi hamsini hauwezi kutenganisha kisima na choo kama inavyopasa, tena maji ya ardhi ya Langas yako juu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta vijidudu vya kinyesi karibu katika visima vifupi vyote vilivyopimwa mtaani humo. Wajukuu wetu wanakunywa matokeo ya ramani ambayo haikuchorwa.

Juu ya yaliyofuata nitapita upesi, maana yanajulikana. Moi University ilianzishwa mwaka 1984, na wanafunzi wakawa wapangaji wapya. Mapigano ya mwaka 1992 na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwaondoa watu katika nyumba walizozijenga kwa kodi na jasho. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa likiwa na watu ndani, na maelfu walilala katika uwanja wa maonyesho. Baadhi hawakurudi. Waliouza, waliuza kwa bei ya hofu, na ua wenye lugha tano ukapungukiwa na mbili au tatu. Wakati wa ugomvi ule, mtu aliyekuwa na hati alikuwa na kitu cha kurudia au cha kuuza. Mwenye cheti cha hisa peke yake alirudi akakuta mtu mwingine ndani. Kwa maoni yangu hasara hiyo haikuhesabiwa sawasawa popote.

Takriban mwaka 2000 ardhi ya EATEC iliuzwa, miwati ikakatwa na nyumba za mawe zikaota mahali pake. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 475,716, na tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji. Safu za udongo zinabomolewa, na mahali pa vyumba kumi panasimama ghorofa tano. Mwenye kujenga ghorofa hudai hati kwanza, na ndiyo maana maswali ya mwaka 1972 yanaulizwa upya, na kwa nguvu zaidi, kwa kuwa kipande kilichonunuliwa kwa mshahara wa miezi michache sasa kina thamani ya kugombanisha ndugu.

Kamati imekubali kwamba tangu mwaka huu chama kiweke daftari la makaratasi ya ardhi ya wanachama. Kila mwenye cheti cha hisa, risiti ya kampuni, patano la ununuzi au namba ya kura aniletee nakala; asili ibaki nyumbani kwake. Wazee waliokuwa mashahidi au wajumbe wa kamati za mashamba, hata kama si wanachama, wanaombwa waje waeleze nani aliuza kipande kipi kwa nani, na mpaka ulipita wapi, nami nitaandika na kuwasomea kabla ya kutia saini. Wasioweza kutembea nitawafuata nyumbani siku ya Jumamosi.